Mlango wa Mbele na Mlango wa Jikoni

Mimi ni mtu wa hasira, nakuambia mapema ili baadaye usiseme nilikuficha. Bwana yangu Hippolyte, ambaye hana neno na mtu, alikuwa akisema kwamba ningezaliwa mwanaume Leta, ile serikali ya Wabeleji, ingenifanya polisi, na Kasongo nzima ingehamia ng'ambo ya mto. Alisema hivyo akicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka nami.

Nyumba yetu ilikuwa katika santre, ule mtaa wa Kasongo ambao Leta iliwapangia watu weusi wenye kazi na ruhusa. Mbele kulikuwa na baraza, meza, na mashine ya kuandikia aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka. Juu ya mlango kulikuwa na ubao mweupe: BARUA NA MASHAURI YA KILA NAMNA. Na kweli ilikuwa kila namna. Jirani amesogeza mpaka wa shamba, njoo kwetu. Shefu wa kijiji amekataa kukupa karatasi ya kuhama, njoo kwetu. Vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Salamabila walituletea kontra zao za kazi tuwasomee, mara nyingi wakiwa wameshatia kidole, na hapo mimi niliwatukana kwanza ndipo bwana yangu akawasaidia. Ndoa, talaka, uriti, maneno ya mwisho ya mzee anayekufa, barua kwa mtoto aliyepotelea Élisabethville, malalamiko kwa bwana administratere, mzungu mkuu wa Leta, kwamba polisi wake amekula mbuzi wa watu. Hatukumrudisha mtu kwa sababu shauri lake ni la namna nyingine.

Wanaume waliingia kwa mlango wa mbele. Wanawake walipita nyuma, jikoni, wakakaa nami, wakasema huku wanasaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo. Mimi sijui kusoma hata jina langu, lakini nasikia Kibangubangu na Kizimba, na najua kumngoja mtu mpaka atoe lile neno alilolificha chini ya maneno mengine. Kisha nilimpelekea Hippolyte. Yeye aliandika, mimi nilisikia. Nusu ya kesi zilizoshinda kwa kalamu yake zilitoka jikoni kwangu, na sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu pia.

Tulikuwa na sharti moja tu. Anayefika wa kwanza ndiye wetu. Mpinzani wake akija tunampa maji ya kunywa, tunamwambia kwa heshima atafute karani mwingine.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Mwaka wa arobaini na nane, Hippolyte alipokuwa bado karani wa Leta katika ofisi ya kuandikisha watu, alikuja kwetu kijana wa Wamaza, jina lake Musafiri. Mgongo wake ulikuwa umefura kwa fimbo. Kosa lake lilikuwa pamba. Leta ilimpa kila mwanaume wa kijiji kipande cha kulima pamba, apende asipende, na Musafiri mwaka ule aliugua, majani yakalishinda jembe lake. Wakamfunga, wakampiga, wakamrudisha kwenye shamba lilelile. Alikuwa fundi wa mbao, amefundishwa na mapadri, na alichotaka ni kuishi Kasongo atengeneze milango na vitanda. Shefu wake akakataa kumwachia. Bila karatasi, polisi wangemkamata kabla ya Jumapili na kumrudisha kwenye pamba.

Miezi mitatu kabla ya hapo ndugu yangu mdogo Ismaël alikufa kwetu Nyangwe, kwa homa. Tulimzika wenyewe, na baba hakuwa na nguvu za kwenda kuwaambia wazungu. Buku yake, kile kitabu kidogo cha Leta chenye jina la mtu, kijiji chake na kodi zake, ilibaki katika sanduku la mama. Kwa Leta, Ismaël alikuwa hai.

Wazo lilikuwa langu. Nataka ulishike hilo. Mimi nilisema: kuna kijana hai asiye na karatasi, na kuna karatasi isiyo na mtu. Hippolyte alikataa siku mbili. Nilimsema asubuhi, nikamsema mchana, nikamwonyesha ule mgongo, mpaka akachoka. Akaandika buku mpya kwa jina la Ismaël, akisema ya zamani imeliwa na mchwa, akatia kidole cha Musafiri mahali pa kidole cha ndugu yangu. Basi, kijana wa Wamaza akawa ndugu yangu kwa mujibu wa serikali.

Aliishi Kasongo miaka minane. Alipewa parseli, kiwanja cha kujenga, kwa jina la Ismaël, akajenga nyumba ya matofali kwa mikono yake, na milango yake ilikuwa mizuri kuliko ya misioni. Mke wake Léontine alimfuata baada ya mwaka, pamoja na mtoto wao Michel, na Marie akazaliwa palepale. Lakini ndoa yao padri aliiandika kwa jina la Musafiri, na Ismaël kwa Leta alikuwa kijana asiye na mke. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu Hippolyte alimwombea Léontine ruhusa ya kukaa kama mgeni. Mgeni wa bwana wake mwenyewe, katika nyumba yake mwenyewe. Mtaani hakuna aliyejua jambo, kwa kuwa kwetu mwenye mtoto haitwi tena jina lake. Alikuwa Baba Michel, yakaisha.

Mwezi wa tatu mwaka wa hamsini na sita gogo lilimwangukia kifuani akiwa anapasua mbao. Alikaa siku nne akafa. Tulilia, tukazika, tukamaliza matanga. Tulidhani sasa kazi ni kutafuta namna ya polepole ya kuiweka ile nyumba mikononi mwa Léontine.

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, mvua inanyesha, akaingia kwa mlango wa mbele kaka yangu mkubwa Abedi, kutoka Nyangwe. Alikuwa hajakanyaga kwangu miaka sita. Alivaa kanzu safi, ameipandisha mpaka magotini kwa ajili ya matope.

"Victorine, yaya yako, kaka yako mukubwa, amefika na humupi kiti?"

Nikampa kiti. Hippolyte akaacha kuandika.

"Watu wa mitumbwi walinipa pole," Abedi akasema. "Wakaniambia, pole sana kwa ndugu yako Ismaël, jina lake limesomwa kwa Leta, amekufa kule Kasongo, ameacha nyumba ya matofali. Nikashangaa. Ismaël nilimuzika mimi mwenyewe, miaka minane sasa, kaburi lake napita kila siku nikienda mutoni. Halafu nikafikiri kidogo, nikakumbuka ile buku uliyochukua kwa mama. Nikalia. Kweli nililia mbele yao, wakanishika mikono."

Alikuwa anatabasamu. Ningekuwa na mchi karibu ningempiga nao.

"Unataka nini, shemeji?" Hippolyte akauliza.

"Ndugu yangu amekufa, hana muke, hana mutoto. Nyumba ni ya nani? Ni ya kaka yake. Nataka uniandikie mashitaka kwa tribinali, ile mugeni atoke na watoto wake. Juu ya mulango mumeandika kila namna, si ndiyo?"

"Hatuandiki ya uongo," nikasema.

"Wewe nyamaza, niko nasema na bwana yako." Akamgeukia. "Unaweza kukataa, shemeji. Nitaenda kwa karani mwingine, naye ataniuliza maswali mengi, na mimi nikiulizwa sana nasema kila kitu. Nitasema huyu hakuwa Ismaël. Watauliza, ile buku aliandika nani?"

Niliona shingo ya Hippolyte inatoka jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Kisha akachukua karatasi, akaweka kaboni katikati, akaitia katika mashine.

Siwezi kukuambia vile nilivyojisikia. Nilitoka pale nikaenda jikoni kwa sababu kama ningebaki ningevunja kitu, na jikoni nikamkuta Léontine. Amepita nyuma kama desturi, amelowa, Marie mgongoni. Abedi alikuwa amekwisha kupita kwake alfajiri. Amehesabu hatua za uwanja, amegongagonga milango kwa kidole, akamwambia atoe vyombo vyake mwenyewe asije kutolewa.

"Mama Cécilia," akaniambia, kwa maana binti yetu anaitwa Cécilia, "nimekuja baba Cécilia aniandikie. Ile mutu hawezi kunitoa kwa nyumba yangu, si ndiyo? Ninyi munajua yote."

Na mashine kule mbele ikawa inalia, tak, tak, tak. Tulikuwa tunaisikia wote wawili.

"Anaandika ya nani?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Ya Abedi."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi kwangu. Alimshusha Marie, akakaa kwenye kigoda, akachukua majani ya sombe yaliyokuwa katika ungo, akaanza kuyachambua kama siku zote. Baada ya muda akasema, "Basi yeye amefika wa kwanza." Alilijua sharti letu.

Mchana, Abedi alipokwisha kwenda na karatasi zake, nilimfuata Hippolyte barazani. Nilisema maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwita mwoga. Nilimwambia mtu aliyekula kwa Musafiri Pasaka nane anamwandikia mjane wake barua ya kumfukuza, na mkono haukauki.

Alingoja nimalize. "Mama Cécilia, nikisema Ismaël hakuwa Ismaël, nimesema mimi niliandika uongo katika buku ya Leta, nikiwa karani wake. Hiyo ni boloko, jela kabisa. Si wiki mbili. Nimekaa ofisini miaka kumi na moja, nimeona watu wanavyoingia kule na wanavyotoka. Mimi si mutu wa nguvu. Nitakufa kule."

"Na Léontine?"

"Atasema yeye ni mugeni, ataomba miezi mitatu. Baadaye watakuja kukaa hapa kwetu."

"Watoto wa mutu aliyejenga nyumba walale jikoni kwangu, na Abedi afungue ile milango?"

Akafunika mashine kwa kitambaa chake. "Nakuomba," akasema. "Sijakuomba kitu tangu nikuoe. Alhamisi tribinali itakuita kwa sababu wewe ni dada ya marehemu. Sema ndiyo, halafu kaa chini. Nakuomba."

Na ni kweli, alikuwa hajaniomba kitu. Nilikwenda kulala nyuma ya nyumba kwenye mkeka, mchana kweupe, nikalia kwa hasira. Nilikuwa nampenda bwana yangu na siku ile nilimchukia, na niliogopa kumpoteza hata sikuweza kula. Kwa siku tatu sikujua nitasema nini. Anayekuambia nilijua mapema, mwambie ni mwongo.

Alhamisi tulikwenda. Tribinali ya santre ilikuwa nyumba ndefu ya mabati isiyo na kuta upande mmoja, na watu walisimama nje wakichungulia. Hakimu alikuwa mzee Asani, shefu wa santre, mtu mfupi wa macho makali anayependa kujua kila kitu. Wazee wawili walikaa kila upande wake, na karani mmoja kijana, aliyejifunza kazi kwa Hippolyte, alikaa kwenye meza ndogo na daftari. Hippolyte alikaa benchi la nyuma. Nilisimama mbali naye.

Abedi alisema vizuri. Lazima nikubali, alisema vizuri sana. Alimtaja Ismaël, utoto wake, jino lake lililovunjika kwa embe bichi, yote ya kweli, na sauti ikamkatika mahali panapofaa. Karatasi ya Hippolyte ikasomwa. Ilikuwa imeandikwa safi, haina pengo, kama zote za mkono wake.

Kisha wakamwita Léontine. Alisimama na Michel mkono mmoja na Marie mkono mwingine.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" Asani akauliza.

Alimtazama Hippolyte kidogo tu, haraka. Nikajua hapo kwamba bwana yangu alikuwa ameshamwendea, amemwomba naye vilevile alivyoniomba mimi. Na Léontine alikuwa hajasahau nani alimtoa Musafiri kwenye fimbo na pamba.

"Mimi mugeni tu, mzee," akasema.

Michel alikuwa na miaka tisa. Alimwinulia mama yake uso, akafungua mdomo, na mama yake akambana mkono. Mtoto akafunga mdomo. Nililiona hilo.

"Mugeni wa miaka saba," Asani akasema. "Haya. Dada ya marehemu yuko?"

Nikaenda mbele.

"Victorine, marehemu Ismaël ni ndugu yako, tumbo moja?"

"Ndiyo, mzee. Tumbo moja."

Hapo ningekaa. Hippolyte alinitaka nikae hapo, na miguu yangu ilikwisha kuanza kugeuka. Lakini Asani aliinua kidole.

"Ngoja. Jambo moja linanisumbua. Mimi nilifika kwenye ile matanga, siku mbili. Ile muke hapa, mugeni, alikuwa chini kwenye mukeka, kichwa kimenyolewa, anapewa pole na watu. Wewe, dada ya tumbo moja, nilikukuta kwenye masufuria. Unapika. Unagawa chakula. Na kichwa chako kilikuwa na nywele zake zote, umesuka na umefunga kitambaa. Tangu lini dada anapikia matanga ya ndugu yake?"

Watu walio nje wakaacha kunong'ona.

Nilikuwa nimefanya kosa la kipumbavu kuliko yote. Miaka minane tulipanga kila karatasi, kila kodi, kila ruhusa. Siku mtu alipokufa nililia kama mtu, nikasahau mimi ni nani kwenye karatasi. Nilikwenda kwenye masufuria kwa sababu hapo ndipo jirani anapokwenda. Wala Hippolyte hakuona, yeye aliyeona kila nukta. Nywele zangu nilinyoa kwa ajili ya Ismaël wa kweli, Nyangwe, mwaka wa arobaini na nane, na zilikuwa zimeota na kusukwa mara mia tangu hapo.

"Alikuwa mugonjwa," Abedi akasema upesi. "Kichwa kilikuwa na vidonda. Dada, si ulikuwa mugonjwa?"

Alinipa uongo mkononi, tayari, kama mtu anavyokupa kikombe. Nilikuwa na haja ya kusema ndiyo tu. Neno moja, bwana yangu anarudi nyumbani nami tunakula pamoja. Nilimtazama Hippolyte. Alikuwa ameinama, ameweka mikono katikati ya magoti, na midomo yake inakwenda. Nadhani alikuwa anasali.

"Sikuwa mugonjwa," nikasema. "Sikunyoa kwa sababu hakuwa ndugu yangu."

Nilisema yote. Nilianza nikawa siwezi kuacha. Ule mgongo, pamba, sanduku la mama, kaburi la Nyangwe ambalo Abedi analipita kila siku akienda mtoni. Nilisema mtu aliyekufa hapa Kasongo ni Musafiri wa Wamaza, na yule si mgeni, ni mke wake wa ndoa, na kitabu cha padri kipo, na watoto hawa ni wake. Nje watu walipiga vigelegele na wengine wakazomea, sijui walimzomea nani. Abedi alijaribu kusema, wazee wakamnyamazisha.

Asani alingoja kimya kirudi. "Na buku ilibadilishwaje?"

"Ni mimi. Wazo lilikuwa langu, mzee. Mimi nilichukua buku, mimi nilileta kidole cha yule kijana. Nifunge mimi."

"Unajua kuandika?"

"Hapana."

"Hata jina lako?"

"Hata jina langu. Lakini mzee, wazo..."

"Mama, kaa chini," akasema, si kwa ubaya. "Leta haiulizi nani aliwaza. Inauliza nani aliandika."

Nilimtazama yule karani kijana. Alikuwa ameinua kalamu yake juu ya daftari tangu niliposema ni mimi. Hakuandika hata neno moja. Kalamu ilibaki hewani, inangoja mtu mwingine.

Hippolyte akasimama kule nyuma. Alivuta koti lake, akafunga kifungo. "Niliandika mimi," akasema. Sauti yake haikutetemeka. Na kalamu ikashuka.

Nyumba haikutoka kwa Léontine. Asani alisema aliyejenga anajulikana, mke wake anajulikana, na yeye mwenyewe atamwambia bwana administratere. Abedi alipewa siku saba za boloko kwa kudanganya tribinali, akazimaliza, akarudi Nyangwe, na tangu siku hiyo hatuna salamu. Hippolyte ilibidi apelekwe kwa wazungu, kwa maana buku ya Leta si jambo la santre. Walimpa miezi kumi na minane. Karatasi ya kesi alinisomea yule karani kijana baadaye, nilipomsumbua. Inasema karani wa zamani Hippolyte amekubali kosa lake mwenyewe bila kulazimishwa. Mimi simo. Kwenye ile karatasi sikuwaza kitu, na sikumponza mtu.

Boloko ya Kasongo iliwatoa wafungwa kila asubuhi kukata majani kando ya barabara. Walipita na mapanga yao, wamevaa zile fulana za mistari, polisi nyuma yao. Siku ya kwanza Hippolyte alipopita mbele ya nyumba yetu nilitoka na kikombe cha maji. Aliona kikombe, akaniona mimi, akaendelea kukata. Mbele kidogo, kwa Léontine, alisimama, akapokea maji kwa Michel, akamshika kichwa. Siku ya pili hivyohivyo. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Alikuwa amekonda, na kikohozi chake nilikisikia nikiwa ndani. Polisi walimruhusu kunywa popote. Kwangu hakunywa.

Sikumlaumu. Nililia, lakini sikumlaumu. Aliniomba kitu kimoja maishani mwake na nilimnyima mbele ya watu. Ukiniuliza kama ningefanya tena, nitakuambia ndiyo, halafu nitakufukuza kwa kuniuliza.

Wateja hawakuacha kuja. Hilo ndilo jambo ambalo sikulitegemea. Wengine walikuja hata zaidi, kwa sababu habari zilifika mpaka Kabambare kwamba kuna nyumba Kasongo ambayo karani wake alifungwa kwa ajili ya mteja. Wanawake walikaa jikoni, wanaume walikaa barazani, na mimi niliwasikiliza wote. Mashine ilikuwa chini ya kitambaa chake. Niliwaambia sina mwandishi, waende kwingine. Walisema ndiyo, mama, wakabaki kukaa.

Mwezi wa nne wa kifungo chake Léontine alinijia jikoni. "Kesho njoo kwangu asubuhi," akasema. "Kikombe utatoa wewe."

Nilikwenda. Walipofika mbele ya ule mlango wa Musafiri, nilitoka mimi badala ya Michel. Hippolyte alinyoosha mkono kabla hajaona ni nani, na alipoona, mkono ulikuwa umeshashika kikombe. Alisimama hivyo. Nilifikiri atamwaga. Nilikuwa nimejitayarisha amwage.

Alikunywa. Alikunywa polepole, akapumzika, akakohoa, akamaliza.

"Watu bado wanakuja?" akauliza, macho yakiwa ndani ya kikombe.

"Wanakuja. Leo wako wanne barazani."

"Shauri gani?"

"Wawili ni mpaka wa shamba. Mmoja ni uriti. Mmoja ni kijana wa Wamaza, pamba."

Aliponisikia nataja pamba alifumba macho kidogo.

"Nani anawaandikia?"

"Hakuna mutu."

Polisi akamwita. Akanirudishia kikombe, akainua panga lake.

"Waambie wangojee," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ya haraka, nikiwa nalia njiani wala sikujificha, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikawaambia.